Besi Isiyo na Freti

Kenya hii, ukisema gari lako ni ex-Japan, watu wanakupa heshima. Maana yake injini ni nzima na haijaonja mashimo ya barabara zetu. Lakini niliposema nimenunua gita la besi lililotoka Japani, mwenzangu wa bendi ya kanisa aliangua kicheko.

"Wewe umeuziwa kopi," akasema. "Na mbona haina freti? Iliharibika?"

Nilicheka naye, lakini usiku sikulala. Besi hiyo ilinigharimu elfu hamsini, pesa nilizoweka kwa ajili ya deposit ya nyumba. Sasa ilibidi nijue nimenunua nini hasa.

Nilianza na freti. Ni vile vijiti vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo ya gita. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, noti inatoka safi hata kama kidole kimekaa ovyo kidogo. Leo Fender alipotoa gita lake la besi la umeme mwaka wa 1951, aliliita Precision kwa sababu hiyo. Wapigaji waliozoea ile besi kubwa ya kusimama, ambayo haina freti, sasa wangepata noti bila kubahatisha.

Halafu watu wakaanza kuzitoa tena. Kampuni ya Ampeg ilitoa besi ya umeme isiyo na freti mwaka wa 1966, na Fender wenyewe wakafuata 1970. Aliyeifanya dunia isikilize ni Jaco Pastorius, kijana aliyekulia Florida. Besi yake ilikuwa Jazz Bass ya 1962 iliyong'olewa freti, nyufa zikazibwa, na ubao ukapakwa epoksi ya mashua ili nyuzi zisiule. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1976. Isikize uone. Besi inateleza kutoka noti moja hadi nyingine kama mtu anayeimba. Jaco alifariki 1987 akiwa na miaka 35.

Basi, haikuwa lazima iwe imeharibika. Na kopi je?

Hapo mwenzangu alikuwa na nusu ya ukweli. Miaka ya sabini, viwanda vya Japani vilinakili magita ya Marekani waziwazi. Mwaka wa 1977, Norlin, kampuni iliyomiliki Gibson, iliwashtaki waliokuwa wakiuza magita ya Ibanez Marekani, kwa sababu ya umbo la kichwa cha gita. Waliafikiana mwaka uliofuata. Lakini kufikia wakati huo kopi zilikuwa zimekuwa nzuri mno, tena za bei nafuu.

Fender waliona heri waungane nao. Mwaka wa 1982, pamoja na kampuni mbili za Kijapani, Kanda Shokai na Yamano Gakki, wakaanzisha Fender Japan. Kazi ya kutengeneza ilipewa FujiGen, kiwanda cha mji wa Matsumoto kilichokuwa kikiwatengenezea Ibanez. Waliokuwa wakinakili wakapewa jina lenyewe. Magita mengine yakapelekwa Ulaya yakiitwa Squier. Na CBS ilipouza Fender mwaka wa 1985, kiwanda cha Fullerton, California, hakikuwa ndani ya mauzo. Kwa muda, magita mengi ya Fender yalitoka Japani.

Nikaangalia kichwa cha besi yangu. Namba inaanza na SQ, herufi za 1983 na 1984. Lakini shingoni kuna mistari myeupe-myeupe, haijanyooka vizuri. Hiyo si kazi ya kiwanda. Mtu alizing'oa kwa mkono.

Nikarudi kwa mzee aliyeniuzia, pale Ngara. Siku ya kununua hakusema mengi, alihesabu tu pesa. Safari hii nilimuuliza kama ni yeye aliyezing'oa.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa napiga hoteli, Mombasa. Mjerumani mmoja aliishiwa na pesa za likizo, akaniuzia. Freti nilizitoa mwenyewe kwa plaisi. Nikaziba kwa gundi na vumbi la mbao."

"Ulikuwa umemsikia Jaco?"

"Jaco ni nani?"

Nikanyamaza. Akaniangalia kana kwamba nimekuja na swali la mtihani.

"Mwanangu, ami yangu alikuwa akipiga udi harusini, Mji wa Kale. Umewahi kuona udi wenye freti?"

Sikuwa nimewahi. Udi hauna, fidla haina, na taarab imejaa noti zinazokaa katikati ya noti za piano, ambazo freti huziruka. Mzee alizitaka noti hizo kwenye besi. Meneja wa hoteli nusura amfute kazi, akisema anapiga nje ya tyuni. Akawa anazipiga taratibu, usiku, watalii wakishalewa.

Mimi nilikuwa nimeshapanga hadithi yote kichwani, kuanzia Florida hadi Matsumoto hadi Ngara. Ya Mji wa Kale sikuwa nayo kabisa.

Nikamuuliza mbona aliiuza. Akanionyesha vidole. Viungo vimevimba, havikunji vizuri.

"Haya, piga," akasema.

Nikapiga ule wimbo wa kanisani, noti ya tatu ikatoka chini. Nikajaribu tena, ikapita juu. Hakuniambia kitu. Alianza tu kuiimba noti ile, mdomo umefungwa, akaishikilia. Nikasogeza kidole polepole kuitafuta. Nilipoifikia, ubao wote ulitetemeka kifuani mwangu, naye akaenda kwenye noti iliyofuata.

Bado naishi kwa dadangu. Kila Jumamosi naenda Ngara.