Mkasi Ulioufuata Mguu: Tarikhi ya Vazi la Baleti

Katika mavazi yote ambayo mwanadamu ameyabuni kwa ajili ya jukwaa, ni machache yajulikanayo upesi kama tutu, ile sketi nyeupe ya mcheza baleti, iliyotandaa kiunoni mithili ya yungiyungi juu ya maji; na aionaye kwa mara ya kwanza hudhani kuwa ni pambo tu, ilhali kila shibiri ya kitambaa iliyopunguzwa katika sketi ile ilipunguzwa kwa sababu, nayo sababu hiyo, tangu mwanzo hata leo, ni mguu wa mchezaji.

Baleti ililelewa katika majumba ya wafalme. Mwaka 1653 Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, naye wakati huo ni kijana wa miaka 14, alicheza mbele ya wakuu wake katika mchezo ulioitwa Ballet de la Nuit, amevaa nguo ya dhahabu kwa mfano wa jua lichomozalo, na lakabu ya Mfalme Jua ikamkaa maisha yake yote. Mavazi ya zama zile yalikuwa mavazi ya enzi: hariri nzito, zari, manyoya kichwani na barakoa usoni, na wanawake walipoanza kucheza kwa kazi katika Opera ya Paris mwaka 1681, walivaa sketi ndefu zifikazo sakafuni, ambazo karne iliyofuata zikatanuliwa kwa vitanzi hata mlango ukawa mwembamba. Mwenye kuvaa hivyo aliweza kutembea kwa madaha na kuinama kwa adabu, kuruka hakuweza.

Ndipo akatokea Marie Camargo, aliyeanza kucheza Paris mwaka 1726. Yeye alikuwa hodari wa kuruka na kupishanisha miguu hewani, ujuzi uliohesabiwa hapo kabla kuwa milki ya wanaume. Na kwa kuwa ufundi usioonekana ni sawa na taa iliyofunikwa, akaipandisha sketi yake hata vifundo vya miguu vikawa wazi. Mwenzake, Marie Sallé, alishika njia nyingine: mwaka 1734, mjini London, alitoka mbele ya hadhara katika mchezo wa Pygmalion bila vitanzi wala mapambo, nywele zimeachwa huru, naye amejifunga melimeli nyepesi kwa mfano wa sanamu za Wayunani. Mmoja alifupisha nguo, mwingine aliipunguza uzito, na tutu imezaliwa na nia hizo mbili.

Siku iliyozikutanisha ni tarehe 12 Machi 1832, Marie Taglioni alipocheza La Sylphide katika Opera ya Paris, katika mchezo uliotungwa na babake, Filippo. Alikuwa akiigiza kiumbe wa hewani, asiye na uzito wa dunia, kwa hiyo akavishwa sketi nyeupe yenye umbo la kengele, ikomayo kati ya goti na kifundo, naye akasimama juu ya ncha za vidole kana kwamba sakafu imemkataa. Taa za gesi, zilizoingia katika Opera hiyo miaka kumi kabla, ziliipenyeza nuru katika nguo ile hata ikafanana na ukungu wa alfajiri. Fauka ya hayo, Mwingereza John Heathcoat alikuwa amekwisha buni mashine ya kufuma wavu laini, jamii ya kitambaa kile kile ambacho bibi harusi wetu hukifahamu kwa shela yake. Na kitambaa kilichokuwa ghali kwa kufumwa kwa mkono kikawa rahisi kupatikana.

Lakini nuru iliyoipamba nguo hiyo ndiyo iliyoihiliki. Emma Livry, mwanafunzi mpenzi wa Taglioni, alikuwa na umri wa miaka 20 sketi yake iliposhika moto wa gesi katika mazoezi, Novemba 1862. Dawa ya kuzuia moto ilikuwapo, ila ilikaza kitambaa na kukitia umanjano, naye alikwisha ikataa kwa kuwa iliua ule wepesi ambao ndio uhai wa sanaa yake. Alikaa katika maumivu miezi minane, akafariki Julai 1863. Mabaki ya nguo yake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera huko Paris, nayo yatufunza kwamba weupe ule tunaousifu umelipiwa.

Mkasi haukukoma. Mwaka 1885 Mtaliana Virginia Zucchi alifika St Petersburg akashikilia kuvaa sketi fupi kuliko ilivyokuwa ada ya huko. Na miaka kumi baadaye Mtaliana mwenziwe, Pierina Legnani, akazunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja katika Swan Lake. Ufundi wa namna hiyo hutaka goti na paja vionekane, basi sketi ikapanda, ikatanda, hata ikawa kama sahani. Jina lenyewe, tutu, yasemekana limetokana na neno la kitoto la Kifaransa la kutaja makalio.

Mwaka 1950, mjini New York, Barbara Karinska, mshonaji mzaliwa wa Kharkiv, aliondoa waya uliokuwa ukiikaza sketi, akapunguza tabaka za wavu, akazishikiza pamoja kwa nyuzi zilizolegea ili zitulie zenyewe. Na kifuani akakata baadhi ya vipande kwa mshazari, kusudi nguo ivutike pamoja na pumzi ya mchezaji.

Hata leo tutu hushonwa kwa subira, tabaka juu ya tabaka, marinda hushikizwa kwa mkono, na ikimalizika hutundikwa juu chini ili isilegee. Lakini pazia lifunguliwapo, mtazamaji haoni uzi wala kulabu, wala hamkumbuki aliyekesha na sindano. Huona mguu ukipaa. Na kwa mshonaji, hiyo ndiyo sifa iliyo adhimu kupita zote.