Warumi na Waajemi: Ahadi Iliyoteremka Makka

Leo twakusudia kuitazama Suratur-Rum, Sura ya 30, kwa upande wa tarehe yake. Wengi wetu tuliihifadhi tangu chuoni, lakini ni wachache waliopata kuuliza: Warumi hao walishindwa na nani, na kwa nini vita vya mbali viwashughulishe watu wa Makka?

Mashariki ya mto Furati ilitawala dola ya Waajemi, chini ya Kisra. Magharibi yake dola ya Warumi, chini ya Kaisari. Uadui wao ulikuwa wa kale. Mwaka 260 Mfalme Shapur alimteka Kaisari Valerian mwenyewe, akiwa hai. Mwaka 532 walifanya amani waliyoiita ya milele, Warumi wakalipa ratili 11,000 za dhahabu. Mwaka 540 vita vikarudi. Hata Waarabu wa mpakani waligawanyika: Bani Ghassan wa Sham wakiwapigania Warumi, na Bani Lakhm wa Hira wakiwapigania Waajemi. Mwarabu akamwua Mwarabu kwa ajili ya mfalme asiyeijua hata lugha yake!

Vita vikubwa vya mwisho vilianza kwa damu ya Kaisari Maurice. Yeye ndiye aliyemrudisha Khosrow wa Pili katika kiti cha enzi mwaka 591. Alipouawa na Phocas mwaka 602, Khosrow alitangaza kuwa anatoka kumlipia kisasi mfadhili wake. Sisi twaona hicho kilikuwa kisingizio tu, kwani Phocas naye aliuawa mwaka 610, akatawala Heraclius, na vita havikusimama. Waajemi wakaitwaa Damaski mwaka 613, na mwaka 614 wakaingia Baytul Muqaddas, wakauchukua mti ambao Wakristo waliuamini kuwa ndio msalaba. Mwaka 619 wakauteka mji wa Iskandaria, na ngano ya Misri ikakatika isifike Constantinople.

Washirikina wa Makka walifurahi. Waajemi waliabudu moto, na Warumi walikuwa watu wa Kitabu. Basi Makureshi wakawakejeli Waislamu, waliokuwa wachache na wenye kuudhiwa, kwamba na wao yatawafika kama hayo. Ndipo ilipoteremka habari kwamba Warumi walioshindwa watashinda katika miaka michache, na neno lililotumika, *bidh'i*, kwa Waarabu ni baina ya tatu na tisa. Imepokewa kuwa Sayyidna Abubakar aliwekeana sharti la ngamia na Ubayy bin Khalaf juu ya jambo hilo, kabla kamari haijaharimishwa. Na tuipime ahadi hiyo kwa hali ya siku zile: imesimuliwa kwamba Heraclius mwenyewe alikata tamaa hata akataka kuuhama mji wake mkuu.

Mwaka 622, mwaka ule ule wa Hijra, Heraclius alitoka na jeshi, baada ya vyombo vya fedha vya makanisa kuyeyushwa ili zipigwe sarafu. Aliingia Azerbaijan akalivunja hekalu kubwa la moto. Mwaka 626 Waajemi na Waavari waliuzingira mji wake, wasiweze kuingia. Desemba 627 alishinda karibu na Ninawi, na mwaka 628 Kisra aliuawa kwa amri ya mwanawe mwenyewe. Baadhi ya wafasiri wamesema habari ya ushindi ilifika siku ya Badri, na wengine siku ya Hudaybiya. Sisi hatuoni mgongano hapo: katika siku za Badri ushindi ulikwisha kuanza, na katika siku za Hudaybiya ulikamilika.

Mwaka 630 Heraclius aliurudisha ule mti Baytul Muqaddas kwa shangwe, na hazina yake ikiwa tupu. Miaka sita baadaye, baada ya Yarmuk, aliiacha Sham asiirudie tena. Huko Uajemi wafalme walipokezana kiti kwa miaka minne, hata kikamfikia kijana Yazdgerd mwaka 632. Naye aliuawa karibu na Marw mwaka 651, akiwa mkimbizi katika nchi yake.