Maaskofu wa 1919 na Jasho la Rwenzori

Huku Rwenzori kuna dai linalorudiwa kila Mei Mosi, mimbarini na majukwaani: kwamba mtetezi wa kwanza wa mfanyakazi wa Kasese alikuwa kanisa. Wanaolitoa huonyesha hospitali ya Kilembe, ambayo Wakatoliki wamesaidia kuiendesha baada ya mgodi wa shaba wa huko kunyamaza. Huonyesha hospitali ya Kagando na wakoma wake wa zamani, huonyesha shule za misheni, kisha mjadala unafungwa kwa sala. Sina ugomvi na hospitali wala shule. Ninachobishia ni hiyo nafasi ya kwanza. Kuna hati mbili, moja ya 1919 na nyingine ya 1920, ambazo waandishi wetu wa historia ya Uganda magharibi hawazitaji sana, na zikisomwa pamoja zinasimulia jambo lenye aibu zaidi na lenye matumaini zaidi kuliko hilo dai.

Usuli nitaupitia haraka, msomaji anaujua. Mkataba wa Toro wa 1900 uliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya Omukama, mfalme wa Toro, bila wao kuulizwa. Chumvi ya Katwe, iliyogombewa na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwingereza Lugard, ikaendelea kuvunwa na watu waliosimama kwenye maji makali huku faida ikipanda kwa wakubwa. Reli ilifika Kasese 1956, shaba ya Kilembe ikaanza kupelekwa Jinja kuyeyushwa, na Bwera, ubavuni mwa Kongo, ikabaki mji wa kahawa, soko na magendo.

Turudi nyuma. Oktoba 23, 1919, serikali ya Gavana Edward Northey huko Nairobi ilitoa waraka uliotiwa saini na John Ainsworth, kamishna mkuu wa mambo ya wenyeji. Uliwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Wanawake na watoto nao wangetakiwa kazini, na chifu mzembe angeandikwa jina lake. Kila aliyewahi kuishi chini ya chifu wa kikoloni alijua maana ya kuhimizwa.

Wamisionari watatu walijibu: Heywood, askofu wa Mombasa, Willis, askofu wa Uganda, na Dakta John Arthur wa misheni ya Kiskoti. Jibu lao ndilo hati ya kwanza, inayojulikana kama Waraka wa Maaskofu. Huenda mtu akauliza askofu wa Uganda alitafuta nini katika ugomvi wa Kenya. Jibu ni kwamba dayosisi yake wakati huo ilienea hadi Kavirondo, magharibi mwa Kenya, mahali ambapo walowezi walichota vibarua wengi. Upande wa pili dayosisi hiyohiyo ilifika Toro na milima yake. Kila katekista Mwanglikana wa Bukonzo, mwisho wa yote, alikuwa chini ya Willis.

Walisema nini? Walisema, kwa haki, kwamba waraka wa serikali ni shuruti iliyovaa kanzu ya ushauri, na kwamba chifu akiachiwa mamlaka yasiyo na mipaka atawaonea wanyonge. Hadi hapo nawavulia kofia. Kisha wakapendekeza dawa: kazi ya hiari ni bora, lakini kwa hali ilivyo shuruti haikwepeki. Basi iwe halali na wazi, iwe kwa wanaume wenye nguvu tu, kwa muda maalumu, hasa kwa kazi za serikali. Yaani hawakukataa kumlazimisha mtu. Walitaka alazimishwe kwa utaratibu.

Tena Willis hakuwa akizungumzia jambo la mbali. Uganda kwenyewe kulikuwa na kasanvu, kazi ya lazima kwa serikali yenye ujira chini ya ule wa soko, iliyokuwa ikiwakimbiza watu makwao kwa miaka kumi tayari.

Hati ya pili ilitoka Unguja. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliusoma waraka wa wenzake akawaka, na 1920 akatoa kijitabu alichokiita The Serfs of Great Britain. Hoja yake haikuwa na kona: kumlazimisha mtu huru kufanya kazi kwa faida ya mwingine ni utumwa wa namna yake, ni kinyume cha imani, na askofu anayekaa kuupangia masharti ameshauridhia.

Waliokuwa wakimjua Weston hawakushangaa, ingawa wengi waliudhika. Mwaka 1913 ni yeye aliyewashtaki maaskofu wa Uganda na Mombasa kwa uzushi, baada ya mkutano wa Kikuyu ambako walikubali kushirikiana na Waprotestanti wengine hadi kwenye meza ya Bwana. Kesi ile ilimsumbua Askofu Mkuu wa Canterbury hadi vita vikuu vilipoanza. Nikiri kwamba katika suala la Kikuyu nasimama na Willis, na Weston namwona mtu wa kushupalia herufi. Lakini ushupavu uleule, ulipohamishwa kutoka altareni hadi kwenye mgongo wa mpagazi, ulimfanya aone kile ambacho maaskofu wapole hawakukiona.

Kuna sababu nyingine, nami naipa uzito zaidi. Kanisa kuu la Weston lilikuwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, na alifika Unguja 1898, mwaka mmoja tu baada ya hali ya utumwa kufutwa kisheria huko. Kisha 1916, wakati wa vita dhidi ya Wajerumani, aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar, akatembea nao bara akiwa na cheo cha meja. Vita hivyo viliua wapagazi maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi. Mtu aliyelala kambini na wapagazi hahitaji kuelezwa shuruti halali ni nini.

Wanaomtetea Willis husema tusimhukumu kwa macho ya leo. Wakati ulikuwa mwingine. Hoja hii haina miguu. Weston aliishi wakati uleule, alivaa joho lilelile, alisoma Injili ileile. Utetezi ulio na uzito ni mwingine: kwamba bila Waraka wa Maaskofu watu wa Uingereza wasingejua kilichokuwa kikiendelea, kwa kuwa ndio uliouanika waraka wa Northey mbele yao. Hilo ni kweli. J. H. Oldham, mtendaji wa misheni huko London, aliushika moto huo akauelekeza vizuri: Desemba 1920 alipeleka kwa Wizara ya Makoloni tamko lililoungwa mkono na wakuu wa makanisa na wanasiasa. Mwaka uliofuata Winston Churchill, akiwa waziri wa makoloni, aliamuru kwamba maofisa wa serikali wasiwakusanyie walowezi vibarua, na kwamba kazi ya lazima ya serikali iwekewe mipaka mikali. Kasanvu ilikoma 1922. Oldham ndiye aliyeshinda ofisini, lakini aliyeuliza swali lenyewe alikuwa Weston.

Sasa tupande mlimani, maana miaka ni ileile. Kuanzia 1919 Wakonzo walikuwa wamewaasi watawala wa Toro, wakiongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya. Kodi, dharau na kazi za bure kwa machifu ndivyo vilivyowachosha. Nyamutswa anakumbukwa kama mtu wa matambiko, na nguvu yake juu ya watu ilitoka huko. Mwaka 1921 wote watatu walinyongwa. Iweke tarehe hiyo kando ya nyingine: katika miezi ambayo maaskofu walikuwa wakijadiliana kuhusu kiasi gani cha shuruti kinakubalika, kulikuwa na watu wa dini nyingine kabisa, isiyo na askofu wala gazeti London, waliokwisha kujibu kwamba hakuna kiasi kinachokubalika. Kama tunatafuta wa kwanza Rwenzori kuikataa kazi ya kulazimishwa kwa jina la kitu kitakatifu, mimi naanza na hao. Vitabu vya misheni vimewaita washirikina, na sioni haja ya kukaa hapo.

Miaka thelathini iliyofuata naipita. Kulikuwa na uamsho wa Walokole, kulikuwa na makatekista waliozunguka vijiji kwa miguu, na 1952 ikazaliwa hifadhi inayoitwa leo Queen Elizabeth, iliyowapokonya watu malisho na mashamba. Mengi yameandikwa kuhusu hayo.

Kisha mlimani akatokea Isaya Mukirane, mwalimu wa Kikonzo. Mwaka 1954 alimwongoza Mwingereza Tom Stacey kuzunguka milima, na mwaka huohuo kikaanzishwa chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo. Mwanawe alimpa jina la Charles Wesley, mtunzi wa tenzi wa karne ya 18 ambaye, pamoja na nduguye John, alihubiri kuanzia 1739 kwa wachimba makaa wa Kingswood karibu na Bristol, watu ambao kanisa la mjini halikuwataka. Sidai kwamba Mukirane alikuwa akiwawazia wachimba makaa hao. Nasema tu kwamba tenzi hizo zilikuwa shule ya siasa ya walimu wa milimani, nao walijifunza humo kwamba mtu wa chini ana thamani ileile ya mtu wa juu.

Machi 1962 Mukirane na wenzake walitoka katika bunge la Toro kwa kuwa Wakonzo na Waamba hawakutambuliwa sawa na Watoro. Juni 30 wakatangaza Rwenzururu, dola yao iliyojitenga na Toro. Wanahistoria wengi wameisoma harakati hii kama ukabila, na wenye subira zaidi, kama Martin Doornbos na Derek Peterson, wameona pia siasa ya kutambuliwa na ya kuandika historia upya. Mimi naona malalamiko yenyewe: nani anapata karo ya shule, nani anapata kazi serikalini, fedha ya shaba inayotoka Kilembe, chini ya mlima wao, inaenda wapi. Hayo ni madai ya mfanyakazi na mlipa kodi kabla hayajawa ya kabila. Sitaficha upande wa pili. Rwenzururu ilimwaga damu, na Watoro waliofukuzwa mabondeni hawakuiona Injili ndani yake.

Mukirane alikufa 1966, na mwanawe akarithi kiti cha ufalme wa Rwenzururu angali kijana. Charles Wesley Mumbere alishuka mlimani 1982 baada ya makubaliano na serikali ya Obote, baadaye akaenda Marekani, akafanya kazi miaka mingi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa katika nyumba za malezi. Mfalme aliyelipwa kwa saa! Watu wa Kasese husimulia hilo kwa kicheko, lakini sijui mtawala mwingine wa Uganda anayeijua kazi ya kuajiriwa kutoka upande huo. Serikali ilimtambua 2009. Yaliyotokea Novemba 2016, jeshi lilipovamia ikulu yake na watu zaidi ya mia moja wakauawa, yanahitaji makala yake.

Na Wakatoliki? Dayosisi ya Fort Portal iliundwa 1961 chini ya Vincent McCauley, Mmarekani, mwaka uleule Papa Yohane wa 23 alipotoa waraka wa Mater et Magistra juu ya haki katika kazi na kilimo. Mgodi wa Kilembe ulikuwa ndani ya dayosisi hiyo hadi Kasese ilipopata yake 1989. Mafundisho yalikuwepo, na mazuri. Lakini mfano hai wa Kikatoliki naupata nikivuka mpaka pale Mpondwe, hatua chache kutoka Bwera, kwa Wanande ambao ni ndugu wa damu wa Wakonzo. Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni kuanzia 1966, alihimiza watu wajenge barabara na miradi yao wenyewe wakati dola ya Mobutu ilipokuwa imewatelekeza. Akiwa askofu mkuu wa Bukavu aliandika barua ya Krismasi ya 1999 kuukemea uvamizi na uporaji, na waasi wa RCD wakamfukuza mwanzoni mwa 2000. Waumini walifunga shule na makanisa kudai arudi. Alirudi Septemba, akafariki Roma mwezi uliofuata.

Siku hizi mfanyakazi wa eneo hili hutetewa kwa njia ndefu zaidi. Kiwanda cha saruji cha Hima kilipokuwa chini ya LafargeHolcim, kampuni yenye makao Uswisi, shirika la Kiprotestanti la Uswisi, Brot für alle, likishirikiana na Twerwaneho Listeners' Club ya Fort Portal, lilitoa madai kwamba watoto walikuwa wakichimba mawe ya kutengenezea saruji hiyo wilayani Kabarole. Kampuni ilijitetea. Kesi ya namna hiyo iliingia katika kampeni ya kutaka makampuni ya Uswisi yawajibike kwa wanayoyafanya ughaibuni, na makanisa mengi huko yakatundika bendera za kampeni kwenye minara yao. Novemba 29, 2020, kura za wananchi zilipita nusu kidogo, lakini pendekezo likaanguka kwa kukosa wingi wa majimbo. Nalipa heshima jambo hili, ingawa linaniudhi kidogo kwamba minara iliyosema ilikuwa ya Uswisi.

Historia kamili ya wafanyakazi wa Kilembe haijaandikwa, na karatasi zake zinaoza. Mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013 na ya 2020 yalipita katikati ya makazi ya wachimbaji wa zamani. Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, huko Fort Portal, kilisaidia kuokoa na kuhifadhi kidijitali nyaraka za wilaya ya Kabarole, kwa hiyo kazi kama hii inawezekana hapahapa. Dayosisi ya Kasese na ile ya Rwenzori Kusini zifungue masanduku yao ya parokia. Nawe msomaji, kama baba au babu yako alishuka shimoni Kilembe na ameacha kitambulisho, barua ya malalamiko, kadi ya chama au daftari la jumuiya, usikitupe. Kipeleke Fort Portal kikanakiliwe.