Chuo cha Mtu Mzima Kijijini

Wazee wetu walituachia methali: samaki mkunje angali mbichi. Ilisemwa kwa ajili ya malezi ya watoto, na katika hayo ni kweli tupu. Lakini wako walioigeuza ikawa hukumu juu ya mtu mzima, kwamba aliyepitwa na skuli amepitwa na kila kitu. Historia ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania yatufundisha vingine.

Asili ya vyuo hivyo ni mbali. Katika karne ya 19 nchini Denmark, elimu ya juu ilikuwa ya watu wa mjini, na mtoto wa mkulima akishajua kusoma hurudi shamba, basi. Kasisi na mwandishi mmoja, N.F.S. Grundtvig, akatoa rai kuwe na skuli ya watu wazima wa mashamba, wafundishwe kwa lugha yao wenyewe na kwa mazungumzo, pasiwe na mtihani. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na Sweden ikafuata mwaka 1868.

Tanzania nayo, ilipofika mwaka 1967, katika kila watu wazima watatu wapata wawili walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakulima na wavuvi wakakaa kitako wakajifunza herufi, na mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ukaonyesha kuwa wasiojua wamebaki kiasi cha 39 katika kila 100. Samaki huyo, ndugu msomaji, hakuwa mbichi, na alikunjika.

Likazuka swali jipya: aliyekwisha kujua kusoma, afanye nini nayo elimu hiyo? Ndipo mwaka huo huo wa 1975 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilipoanzisha vyuo hivi, vikafika zaidi ya 50. Vingi viliwekwa katika majengo ya vituo vya mafunzo ya wakulima vilivyokuwapo. Katika pwani yetu na jirani zake twavijua vya Handeni, Kisarawe, Ikwiriri na Kilwa Masoko. Humo hufundishwa useremala, uashi, ushonaji, kilimo na ufugaji. Shabaha ya mwanzo ilikuwa kijiji kimchague mtu wake, akasome, kisha arudi akitumikie.

Shabaha hiyo ilikuwa njema, lakini ilikutana na vizuizi viwili. Kwanza, mwanafunzi alirudi na ujuzi lakini mikono mitupu. Seremala asiye na randa wala msumeno hana tofauti na asiyejua. Pili, mwajiri wa mjini huuliza karatasi. Baada ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1994, vyuo vilizidi kuelekea kozi ndefu za vyeti, zikawavuta zaidi vijana waliotoka shuleni, na mtu mzima mwenye jembe na watoto akaona mlango umekuwa mwembamba.

Cheti si kibaya. Humfungulia kijana njia ya kazi. Ubaya ni kudhani kuwa kazi imekwisha pale cheti kinapotolewa. Imepokewa katika hadithi kwamba mtu mmoja katika Ansari alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akavinadi vitu vyake viwili, vikapata dirhamu mbili: moja ya chakula cha nyumbani, na ya pili ya kununulia shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma kwenda kukata kuni na kuuza.

Tazama hapo: hakupewa nasaha peke yake, alipewa na chombo. Sisi hatushindwi kuchanga kwa ajili ya harusi, hata ya siku tatu. Basi akirudi kijana au mama kutoka chuoni na ufundi wake, na tumchangie cherehani au randa, kisha tuwe wa kwanza kumpa kazi. Bila hayo, tumemsomesha ili aikimbie nyumba yetu.