Yai Lililozua Ubishi na Keki Isiyolihitaji

Malalamiko ya waokaji wa Marekani kuhusu boksi la unga wa keki, ambalo uzito wake umeshuka kutoka gramu 517 zilizozoeleka hadi gramu 432 na, kwa baadhi ya chapa, chini zaidi ya hapo, yameifufua historia ya bidhaa ambayo wanataaluma wa upishi wameipuuza kwa muda mrefu. Mapishi mengi ya nyumbani yalitungwa kwa kipimo cha boksi zima, na mojawapo ni keki ya kumwaga ya stroberi na jibini, iliyoitwa hivyo kwa kuwa viungo vyake humwagwa kwenye trei bila kukorogwa. Hutangulia stroberi zilizopikwa na sukari hadi kuwa rojo, hufuata mabonge ya jibini laini, yaani jibini mbichi ya maziwa na krimu, kisha unga mkavu hutandazwa juu na kufunikwa kwa vipande vyembamba vya siagi kabla ya kuokwa kwa nyuzi 180 za selsiasi kwa muda wa dakika 45 hivi.

Unga huo ulizaliwa Pittsburgh, katika kampuni ya P. Duff and Sons iliyouza molasi, yaani sharubati nzito inayobaki miwa inapotengenezwa sukari. Mwaka 1930 John D. Duff aliomba hataza, ambayo ni haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa njia ya kukausha molasi pamoja na unga wa ngano ili mpishi aongeze maji tu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ziliingia sokoni chapa za Betty Crocker, Pillsbury na Duncan Hines, zikagawana wateja.

Ubishi mkubwa ulihusu yai. Simulizi inayorudiwa mno humtaja Ernest Dichter, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna aliyezishauri kampuni za Marekani katika miaka ya 1950, kuwa ndiye aliyegundua kwamba akina mama waliona haya kuoka keki kwa maji matupu, hivyo watengenezaji wakaliondoa kwenye boksi yai la unga, yaani yai lililokaushwa, na kumwachia mpishi avunje yai bichi mwenyewe ili ajione amefanya kazi. Simulizi hiyo inapendeza kuliko ilivyo kweli, kwani Duff alikwisha kuandika katika hataza yake ya 1935 kwamba mama wa nyumbani hupendelea mayai mabichi, miaka mingi kabla ya Dichter kuulizwa lolote. Laura Shapiro, mwanahistoria wa chakula aliyeuchambua mkasa huo katika kitabu chake cha mwaka 2004, huitazama kwa shaka hoja ya haya, na sababu iliyo karibu zaidi ni ya jikoni: yai bichi hutoa keki bora kuliko yai la unga. Sifa aliyopewa mshauri ilimstahili zaidi mfanyabiashara wa molasi.

Keki ya kumwaga, iliyoenea miongo michache baadaye kwa cheri na nanasi za kopo, inaidhoofisha simulizi hiyo zaidi, kwa kuwa haina yai wala mwiko, na bado hupelekwa kwenye karamu za kanisani na za familia bila mpishi kuona haya yoyote. Kinachofanya kazi ni mvuke na maji ya matunda yanayopanda kutoka chini, huku siagi ikiyeyuka kutoka juu. Na kwa vile unga haukorogwi, gluteni, yaani protini ya ngano inayoufanya unga uvutike, haipati nafasi ya kujijenga, na tabaka la juu hubaki la kuvunjikavunjika.

Ulinganifu huo wa unga, siagi na maji ya matunda ndio unaovurugika boksi linapopunguzwa huku karatasi ya mapishi ikibaki ileile, kwani siagi huuzidi unga na rojo hubaki majimaji. Kuwalaumu waokaji ni kuwaonea. Anayefuata pishi la zamani asihesabu maboksi, bali apime kwa mizani gramu 517 za unga, akiongeza kutoka boksi la pili panapopungua.