Tarehe ya Wanane wa Mbele

Kijana atokaye Fedha, huko Embakasi, akafika Railway Club kufanya mazoezi na klabu ya Mwamba, kisha akainamisha mgongo na kuyaunga mabega yake na ya wenzake saba ili wasukumane na wapinzani katika skramu, hushika nafasi ambayo idadi yake ilikatwa Wales katika karne ya 19. Na kwa kuwa tarehe ya raga aghalabu husimuliwa kwa majina ya wakimbiaji, nataka niisimulie kwa upande wa hawa wa mbele, ambao kazi yao ni kuupigania mpira na kuwapa wengine.

Wales ilipocheza mara ya kwanza kama taifa, tarehe 19 Februari 1881 kule Blackheath, ilishindwa na Uingereza vibaya mno, na zama zile ilikuwa ada wa mbele wawe tisa. Baadaye klabu ya Cardiff, chini ya nahodha wake Frank Hancock, ilimtoa mmoja katika hao tisa ikamrudisha nyuma awe wa nne katika safu ya wakimbiaji. Na mwaka 1886 Hancock aliujaribu mpango huo kwa timu ya taifa dhidi ya Scotland, lakini wanane wake wakalemewa, hata ikambidi auache kabla mchezo haujaisha. Mwaka 1888 mpango ukarejeshwa mjini Swansea dhidi ya wageni kutoka New Zealand, na mwaka 1893 Wales ikazishinda Uingereza, Scotland na Ireland zote. Sifa ilimwendea nahodha Arthur Gould, naye aliistahiki, ila mimi naona wanane wale walistahiki zaidi, maana walibeba kazi ya watu tisa.

Kwetu mchezo huu uliletwa na Wazungu, wakaushika wao kwa miaka mingi. Tarehe 12 Mei 1964, miezi mitano baada ya Uhuru, Wales yenyewe ilikuja Nairobi ikaishinda Afrika Mashariki 26 kwa 8, nao ndio mchezo wake wa kwanza nje ya Ulaya. Ikapita miaka 13 ndipo Waafrika, mwaka 1977, walipoasisi Mwamba iwe klabu yao wenyewe.

Tangu hapo mbio zetu zimepata adhama: tarehe 17 Aprili 2016, Collins Injera wa Mwamba akiwamo, Kenya iliishinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya wachezaji saba saba huko Singapore. Lakini timu yetu ya wachezaji 15 haijafika Kombe la Dunia hata mara moja, na mwaka 2018 huko Marseille, ilipokuwa ikitafuta nafasi hiyo, Kanada iliifunga 65 kwa 19. Mbio kijana wa Fedha aweza kujifunza peke yake barabarani. Skramu yataka wanane wa huku, wanane wa kule, na mwalimu ajuaye shingo ikae vipi isivunjike.