Shamba ni Letu, Mnyama ni wa Nani?

Sisi wakulima wa Nkowe tunajua kulala dunguni. Mahindi yakikaribia kukomaa, nguruwe pori huja usiku, na kukicha chakula cha miezi kimekwisha. Ndiyo maana tunaulizana hata baada ya ibada: anayeua mnyama shambani mwake bila kibali, ametenda dhambi?

Tuanze na historia. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji: vibali vya kulipia na maeneo yaliyotengwa, mojawapo likiwa Rufiji. Kitoweo cha babu zetu kikawa kosa, huku mgeni mwenye fedha akiwinda kihalali. Mwaka 1922 Waingereza waliipa hifadhi, kaskazini ya kwetu, jina la Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Mwindaji mgeni alipewa heshima. Mwindaji mwenyeji aliitwa jangili. Uhuru ulipokuja, wanyama walibaki chini ya mamlaka ya Serikali, hata wanapokula mazao yetu.

Uchungu huo una sababu, na hatari nayo ni ya kweli. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini, na Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Watafiti waliona kuwa simba waliwafuata nguruwe pori hadi mashambani, walikolala walinzi wa mazao. Kwa hiyo anayemwondoa nguruwe hulinda chakula, na pengine uhai wa jirani.

Lakini dhuluma ya jana haihalalishi kila mtego wa leo. Kumbukumbu la Torati 22:6–7 inamruhusu mtu kuchukua makinda, ila mama yao aachwe aende zake. Mungu alimwekea mwindaji mpaka kabla ya gavana yeyote. Mtego wa waya haujui mpaka huo. Hunasa hata paa mwenye mimba ambaye hakugusa shamba la mtu.

Tazameni majirani zetu Waislamu. Wao hawali nguruwe, lakini humuua akiingia shambani. Hawapati kitoweo wala fedha. Wanachookoa ni mahindi tu. Hicho ndicho kipimo chetu: je, ningemuua mnyama huyu kama nyama yake isingenifaa kitu? Jibu likiwa ndiyo, ni ulinzi, nasi hatuwezi kumhesabia ndugu huyo dhambi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 nayo inatambua kujitetea, mradi taarifa itolewe. Jibu likiwa hapana, basi tusijifiche nyuma ya maneno "shamba langu". Hiyo ni biashara ya nyama.

Na mkulima anayetoa taarifa astahili kusikilizwa. Anayemwambia asiue, kisha asimtumie msaada usiku wa nguruwe, naye atatoa hesabu mbele za Mungu.